Aya Aliyoifuta Muderhwa

Mvua ilishuka juu ya soko la Kamembe bila kuonya mtu. Wanawake waliokuwa wamepanga nyanya na dagaa chini walianza kupiga kelele, kila mmoja akivuta turubai upande wake. Védastine, mfuko wa mchele wa Bugarama kichwani, alikimbilia mwavuli wa karibu. Ulikuwa mwavuli mkubwa mweusi wa mwandishi wa mashine, mbele ya ofisi za serikali.

"Ingia, Maman, ingia kabisa," alisema mwanamume aliyekuwa chini yake, akiharakisha kuifunika mashine kwa koti lake. "Muchele ikilowa utauzia nani? Bata?"

"Na wewe unafunika chuma, mwili unaacha inyeshewe?"

"Mwili itakauka. Hii ikiingia mayi, nitakula nini?"

Védastine alicheka. Lile neno "mayi" badala ya maji lilimrudisha mbali, kwenye ngazi za udongo za Kadutu, mtaa wa Bukavu, upande wa pili wa mto, alikozaliwa na kukua.

"We ni wa Kadutu," alimwambia.

"Nani alikuambia?"

"Kinywa yako. Mi nilikomalia kule."

Mwanamume alimtazama vizuri sasa. Aliona kitenge cha kijani kilichofungwa kwa adabu mpaka chini ya magoti, kitambaa cheupe kichwani kama wanavyovaa wanawake wa kanisa la wokovu, na macho yasiyokwepa. Védastine naye aliona shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na vidole vilivyotiwa weusi na utepe wa mashine.

"Naitwa Muderhwa," alisema. "Mvula isikatike mbio."

Ndivyo walivyoanza. Muderhwa alikuwa Mkatoliki, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, mwalimu aliyeacha darasa kwa sababu serikali ya kwao ilisahau kulipa walimu. Kila asubuhi alivuka daraja la Rusizi, na kila jioni alirudi kabla ya saa kumi na mbili, mpaka unapofungwa. Védastine alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo. Vita vya mwaka tisini na sita vilimtoa shuleni, vikamnyang'anya wazazi, vikamleta katika nchi aliyokuwa akiisikia tu katika masimulizi ya baba yake. Mchana aliuza mchele. Jioni, kwa miaka kadhaa, alikuwa amesoma darasa moja na vijana waliomwita Maman. Mwaka uliopita alikuwa amefaulu mtihani wa taifa, akapiga magoti kati ya magunia yake na kumshukuru Mungu kwa sauti, wateja wakisubiri.

Alitaka kuwa muuguzi. Chuo kikuu kimoja cha binafsi kilikuwa kimefungua idara ya uuguzi, na dosye, yaani faili za waombaji, zilipokelewa mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, saa sita mchana. Mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini na minane. Mwakani Védastine angekuwa ameuvuka.

Kila jioni mpaka ulipofungwa, mapenzi yao yalihamia kwenye simu. Baada ya kufunga biashara, Védastine aliteremka mpaka kando ya ziwa, mahali ambapo rezo, mtandao wa simu wa Kongo, inashika, akambipu mara moja na kungoja.

"Alo, maman wa muchele."

"Alo, papa wa mashine. Ulifika?"

"Nilifika. Baryeri ilifungwa nyuma ya kisigino yangu. Ulikula?"

"Nimefunga leo."

"Tena? Sheri, juzi ulifunga. Mungu wako anakutaka mwembamba?"

"Usimutanie Mungu, Muderhwa."

"Simutanie Mungu, natania wewe. Mi nilienda misa, nikaomba ukule. Sasa tutaona nani atasikiwa."

Védastine alicheka, kisha akajuta kucheka. Kina mama wa chumba cha maombi, ambao ndio waliokuwa ndugu zake tangu afike, hawakujua habari za mwanamume huyu anayekwenda misa na kunywa pombe ya ndizi Jumapili. Kila siku aliahidi moyoni kuwaambia. Kila siku aliogopa.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho alimletea Muderhwa barua yake ya kujieleza, ile ambamo mwombaji anaeleza yeye ni nani na kwa nini anataka kusoma. Alikuwa ameiandika kwa mkono kwa siku nyingi. Karatasi ilikuwa imeloa madoa makubwa, mwanga ukipita ndani yake.

"Hii karatasi ilifungia sambusa?" Muderhwa aliuliza.

"Kina mama waliiombea. Maman Mukansanga akaipaka mafuta ya upako."

Muderhwa aliinama juu ya mashine yake, mabega yakitikisika.

"Unacheka!"

"Sicheki, mupenzi. Ila wale bazee ba chuo hawatajua ni upako. Watasema huyu muntu alikuwa anakula mandazi. Acha, nitaipiga upya, safi. Kuja uichukue siku ya tatu."

Lakini alipobaki peke yake na kuisoma, kicheko kilimwisha. Barua ilianza kama ushuhuda unaotolewa kanisani: Bwana asifiwe, mimi ni mtoto wa Mungu niliyeokoka. Ilikuwa na mistari sita ya Biblia. Katikati kulikuwa na aya ndefu kuhusu chumba cha maombi na mzigo ambao Bwana alikuwa amemwekea moyoni, na jinsi wanavyosimama katika zamu yao mpaka atakaporudi.

Muderhwa alikuwa ameandikia watu barua kwa miaka mingi. Alijua jinsi karani anavyosoma mistari mitatu na kusukuma karatasi pembeni. Aliwaza watu wa jopo la chuo wakipeana barua ya Védastine na kuchekeana, akaogopa. Kulikuwa na hofu nyingine pia, ambayo hakuitaja hata kwa nafsi yake. Ikiwa mwanamke huyu alikuwa wa ile aya mzima mzima, yeye Mkatoliki angekaa wapi?

Aliipiga barua kwa Kifaransa kizuri, akatoa mistari sita, akatoa aya ile yote. Hakumwambia.

Jumatano, Védastine alimkuta amesimama, meza imekwisha kukunjwa. Tangu juzi watu walikuwa wakinong'ona kwamba huko Bukavu askari wa pande mbili wanatazamana vibaya.

"Navuka sasa hivi, sheri. Mama iko peke yake." Alimpa bahasha. "Weka sinyatiri chini pale, upeleke. Usichelewe."

"Iko sawa?"

"Iko muzuri kabisa," alisema, na hakumtazama usoni.

Katika chumba cha maombi kulikuwa na desturi: anayetaka jambo kubwa analisema mbele ya wote, ili wote waitikie Amina kwa kitu wanachokijua. Saa kumi alasiri, Védastine alisimama mbele ya wanawake tisa waliokaa kwenye mikeka, akafungua bahasha, akaanza kusoma, akiitafsiri kwa Kinyarwanda sentensi kwa sentensi.

Alisoma jina lake. Alisoma mwaka wa kuzaliwa. Alisoma kwamba anafanya biashara ya mchele, ana bidii, anajua lugha tatu, anapenda sayansi. Alisoma kwamba anaahidi kufuata kanuni za chuo. Kisha akafika kwenye heshima na salamu. Aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

Hakuna aliyeitikia. Mukansanga, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa amempokea Védastine alipofika bila kiatu miaka minane nyuma, alisema polepole:

"Binti yangu, imeisha?"

"Imeisha, Mama."

"Na sisi tuko wapi? Na Mungu wako yuko wapi?"

Uso wa Védastine uliwaka. "Aliyeipiga ndiye aliyepunguza."

"Ni nani huyo ambaye ana ruhusa ya kukupunguza?"

Alikusanya karatasi, akatoka, akateremka mbio mpaka ziwani. Jua lilikuwa bado juu ya maji. Safari hii hakubipu, alipiga.

"Alo, bolingo..."

"Uliitoa wapi ile aya yangu?"

"Sheri, sikia..."

"Iko wapi?"

"Nilifuta. Batu ba ofisi hawapendi mambo ya kanisa. Wangekutupa inje. Mi nilikuogopea, Vé."

"Ungeniambia! Ungesema, Védastine, hii mbaya, tuandike ingine. Bona uliniachia nisome mbele ya bamama? Nilisimama pale kama muntu aliyemukana Yesu!"

"Aiko kumukana. Ni barua tu."

"Ni barua ya kusema mi ni nani. Na wewe ulisoma vile niko, ukaona haya."

"Aiko haya..."

"Ni nini basi?"

Kabla Muderhwa hajajibu, mlio ulivuka maji, mmoja, kisha mingi kwa pamoja, kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati. Védastine aliusikia mara mbili, kwenye sikio lenye simu na kwenye sikio lililo wazi.

"Muderhwa? Muderhwa!"

"Mama iko inje," alisema, akihema. "Niache niende..."

Simu ilikatika. Alipiga tena. Akapiga tena. Wavuvi waliokuwa wanasuka nyavu zao walisimama wakitazama ng'ambo, na mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Asubuhi ya Alhamisi watu walianza kuvuka. Walikuja na magodoro, na masufuria, na mbuzi, na watoto waliofungwa kanga mbili mbili mgongoni. Mukansanga aliita wanawake wake, nao wakateremka na ndoo, sabuni na uji mpaka kwenye uwanja ulio karibu na daraja. Védastine alikwenda nao. Barua yake ilikuwa nyumbani ndani ya bahasha, bila sahihi. Kesho saa sita dosye zingefungwa. Lakini kila alipojaribu kuifikiria barua, aliona shati lililopigwa pasi likiwa limelala chini mahali fulani Kadutu, na maneno yake ya mwisho kwa mtu huyo yalikuwa maneno ya ugomvi.

Aliomba akifanya kazi. Hakuwa na maneno mengi. "Bwana, avuke. Akivuka tu. Hata kama si wangu tena, avuke."

Karibu na saa tano, Muderhwa alivuka. Mashine yake ilikuwa imebaki Bukavu. Mgongoni alikuwa amembeba mama yake, mzee mwepesi kama kuku, miguu imevimba. Alitafuta kivuli, na mbele ya kivuli hicho alimwona Védastine. Alikuwa amepiga magoti chini, kitenge amekikunja, anamwosha bibi kizee asiyemjua aliyekuwa amejichafua njiani. Alimwosha bila haraka na bila kukunja uso, akimsimulia bei ya mchele ili bibi asione aibu. Mwenzake Nyirahabineza alishika nguo kama pazia. Walipomaliza walimvika kitenge kikavu, na Védastine akainama akamnong'onezea maombi mafupi. Bibi akaitikia. Kisha wakasogea kwa anayefuata, kama watu waliofanya hivyo mara nyingi.

"Védastine," Muderhwa aliita.

Aligeuka. Ndoo ilimtoka mkononi. Alitaka kukimbia kumkumbatia, akakumbuka hasira yake, akakumbuka wanawake tisa, akabaki amesimama na mikono inayochuruzika.

"Uko muzima," alisema tu.

"Niko muzima." Alimshusha mama yake taratibu. "Hii kazi, mulijifunzia wapi?"

"Hospitalini. Tunaenda mara mbili kila wiki, kwa wale wagonjwa hawana muntu wa kuwapikia, hawana wa kuwafulia. Tangu miaka ine. Niliandika, si ulifuta?"

"Hukuandika hivi."

"Niliandika! Niliandika Bwana aliniwekea muzigo, nasimama katika zamu..."

"Uliandika muzigo, Vé. Uliandika zamu. Hukuandika ndoo. Hukuandika sabuni. Mi nilisoma nikaona mahubiri." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kama ningejua ni hii, ningekata mukono yangu kwanza."

Védastine alikuwa ameishi kati ya wanawake wanaosema "mzigo" na kila mmoja akaelewa beseni na kitanda. Haikumjia kamwe kwamba nje ya mikeka ile neno lingefika tupu.

Mama yake Muderhwa alimvuta mwanawe suruali. "Huyu njo ule wa muchele?"

"Njo yeye, Mama."

"Basi mwambie anioshe miye pia. Nyinyi mutapigana kisha."

Nyirahabineza alicheka hadi akakaa chini.

Alasiri ile darasa lake la zamani la jioni lilikuwa tupu. Walikaa kwenye dawati moja, Védastine na karatasi nyeupe, Muderhwa na kamusi ya shule isiyo na jalada. Hapakuwa na mashine, kwa hiyo Védastine angeandika kwa mkono wake mwenyewe. Ile mistari sita ya Biblia aliiacha nje yeye mwenyewe, akimwomba Mungu radhi kimya kimya. Walibishana juu ya sentensi moja tu.

"Andika kanisa," Muderhwa alisema. "Kanisa inatosha. Jina ya Yesu uache, Vé, nakuomba. Usiku kucha niliomba unisamehe, lakini bado naogopa. Kesho ni mwisho. Wakikukatalia, akuna mwaka ingine."

"Mi pia naogopa. Lakini kama wakinikubali bila kujua, nitakaa mule miaka yote nikijificha. Na wewe, ungependa unioe nikijificha?"

Muderhwa alishtuka. "Nani alisema kuoana?"

"Akuna. Endelea. Kidonda kwa Kifaransa inaandikwa aje?"

Aliandika: *Mara mbili kwa wiki, mimi na wanawake wa chumba chetu cha maombi tunaingia hospitalini kutafuta wagonjwa wasio na mtu. Tunawaosha, tunawalisha, tunafua nguo zao. Namwamini Yesu Kristo, na ni imani hiyo iliyonipeleka kwenye vitanda hivyo mara ya kwanza. Nilirudi mara ya pili kwa sababu niligundua sijui kufunga kidonda, na nilitaka kujua.*

Muderhwa aliisoma mara mbili. Hakugusa hata nukta.

Ijumaa dosye ilipokelewa, karani akaigonga muhuri bila kuinua macho. Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, na Muderhwa na mama yake wakarudi kuangalia nyumba iliyotobolewa paa. Védastine aliuza mchele, akapunguza usingizi, akafunga siku nyingi kuliko alivyomwambia mtu.

Mwezi wa saba aliitwa mbele ya jopo. Alivaa kitenge kile cha kijani na viatu vya Nyirahabineza vilivyombana. Bwana mmoja mwenye mvi alikuwa na barua yake mkononi.

"Umeandika kwamba unaamini," alisema. "Tuna wagonjwa wa kila dini, na wasio na dini. Siku moja utakuta asiyetaka maombi yako. Utamfanyia nini?"

"Nitamwosha," alisema. "Nitamfunga kidonda vile mtakavyokuwa mmenifundisha. Kisha nitaenda kumwombea nyumbani kwangu. Hatajua."

Mama mmoja wa jopo aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Bwana mwenye mvi hakutabasamu, lakini aliandika kitu, akaandika kwa muda.

Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwemo. Alibipu kutoka ziwani, na Muderhwa aliposikia, alipiga kelele mpaka akakohoa.

"Nakuya siku ya posho," alisema alipotulia. "Nataka kuongea na huyu Maman Mukansanga wako."

"Muderhwa, Nyirahabineza tu njo anakujua. Bengine bado sijawaambia."

"Njo sababu nakuya."

Jumamosi hiyo Mukansanga alikuwa uani na wanawake wake wakichambua maharagwe. Muderhwa alifika, shati limepigwa pasi kama siku ya kwanza. Alisalimu. Waliitikia, wakaendelea kuchambua. Hakuna aliyemwambia akae, na katika ua ule mgeni asiyekaribishwa kukaa anajua bado hajapokelewa.

"Mi naitwa Muderhwa," alisema, amesimama juani. "Mi ni muntu wa Kadutu, napiga mashine. Njo mi nilifuta ile aya ya Védastine, bila kumuuliza. Nilikosa. Nampenda, nataka kumuoa. Mi ni Mukatolika, na sitawadanganya kwamba nimeokoka juu ya kumupata."

Maharagwe yalisimama mikononi.

"Unakunywa?" Mukansanga aliuliza.

"Siku ya Mungu, Maman. Chupa moja. Ya ndizi."

"Yuuu!" wanawake walisema pamoja.

"Ungesema hapana," Védastine alinong'ona, karibu alie.

"Nilishaficha mara moja," alimjibu kwa sauti, wote wakasikia. "Ilinitosha."

Mukansanga alirekebisha miwani yake. "Mchungaji wetu hatawafungisha ndoa. Unajua?"

"Najua."

"Na padri wako?"

"Iko na maswali yake, Maman. Mingi."

"Basi mtaoana wapi? Katikati ya daraja?"

Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Alimgeukia Védastine. "Wiki ijayo unaenda shule. Miaka mitatu. Nawe unasemaje?"

Védastine alisimama. "Namtaka, Mama. Hivyo alivyo. Na mimi anitake hivyo nilivyo. Jinsi ya kufunga ndoa, tutaiomba na kuitafuta."

Mukansanga aliweka ungo chini. Aliinuka taratibu, akashika kiuno, akaingia ndani. Alikawia. Nyirahabineza alitazama mlango. Muderhwa alijifuta jasho shingoni, na Védastine akasogea akasimama ubavuni kwake, juani, akiomba moyoni kwa neno moja tu lililojirudia.

Mukansanga alitoka mlangoni akiburuta kiti nyuma yake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Alikileta mpaka kivulini, akakifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake.

"Kaa," alimwambia Muderhwa. "Hii mambo haiishi leo."

Muderhwa akakaa. Mukansanga akaokota ungo aliouacha chini, akauweka juu ya mapaja ya mgeni.

"Na mikono isikae bure," alisema. "Mawe tupa, maharagwe acha."